Ijumaa moja London na mke wangu: National Gallery tuiingie vipi, tutazame nini?

Mwana_wa_Elgon

Salaam kwenu nyote.

Mimi na mke wangu tunaishi Kampala, pale Ntinda. Mwezi ujao tunaruka kutoka Entebbe hadi Gatwick kwa harusi ya shemeji yangu, na tutafikia kwa ndugu huko Croydon. Siku zote zimeshapangiwa shughuli isipokuwa Ijumaa moja. Mke wangu anafundisha sanaa sekondari, na picha za van Gogh na Holbein anazowaonyesha wanafunzi ziko kwenye vitabu vilivyokwisha kufifia. Ijumaa hiyo ni yake. Tumechagua National Gallery kwa kuwa kuingia ni bure.

Tunaomba msaada wa wanaojua. Hiyo bure inahitaji tiketi? Mlangoni wanazuia nini? Tukiwa na saa tatu au nne tutazame picha zipi, na tusimame wapi ili tuone kile ambacho kitabu hakionyeshi? Mke wangu ana goti linalomsumbua. Kusimama zaidi ya dakika ishirini mfululizo ni taabu. Wapo pia waliotushauri tukimbilie Paris siku hiyohiyo tukamwone Mona Lisa. Inawezekana? Na la mwisho, ambalo wanafunzi wake humuuliza kila mwaka: picha ikisemwa haina bei, maana yake hasa ni nini?

Reli_na_Njia

Karibuni, ssebo na nnyabo. Nianze na Paris ili tuiweke pembeni.

Viza ya Uingereza haikufungulii mlango wa Ufaransa. Ufaransa iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, na viza hiyo huombwa mbali, kwa kawaida ukiwa bado nchini unakoishi, yaani huku Uganda. Hata mngekuwa nayo, treni kutoka London kwenda Paris huchukua zaidi ya saa mbili kwa kila upande, ukiacha muda wa ukaguzi wa pasipoti. Huko Louvre, jumba lenye Mona Lisa, tangu Januari 2026 mgeni asiyetoka nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya hulipa euro 32. Baada ya hayo yote utamwona Mona Lisa juu ya vichwa vya watu: picha yenyewe ina sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, na umati wa chumba kile hauishi. Mtu mwenye goti bovu simpeleki huko.

Sasa London. National Gallery iko Trafalgar Square, hufunguliwa kila siku saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, ila Ijumaa huenda hadi saa tatu usiku. Siku mliyoichagua ndiyo bora kuliko zote. Na kwa kuwa kuingia ni bure, hakuna anayewalazimisha kumaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Ingieni saa nne, tokeni saa sita na nusu, kaleni, mpumzike kwa ndugu au kwenye bustani ya St James's Park iliyo karibu, kisha rudini saa kumi na mbili jioni makundi ya watalii yakiwa yamepungua. Goti litawashukuru.

Tiketi: si lazima, lakini kwenye tovuti yao unaweza kuweka nafasi ya saa maalumu bila kulipa chochote. Weka mbili, ya asubuhi na ya jioni.

Safari yenyewe: kutoka East Croydon pandeni treni ya kwenda London Bridge, pale mbadilishe mpande ya Charing Cross. Charing Cross mnatokea barabarani moja kwa moja bila kupanda ngazi, na uwanja wa Trafalgar uko umbali wa dakika chache kwa miguu. Treni ya chini ya ardhi ina ngazi nyingi. Kwa ajili ya goti msiikimbilie. Nauli ya kabla ya saa tatu na nusu asubuhi ni ya msongamano, lakini mkitaka kuwa mlangoni saa nne kamili itabidi muilipe. Jioni vilevile, kuanzia saa kumi hadi saa moja bei hupanda.

Kuna kosa ambalo wenzi wengi hulifanya kwenye mashine za kuingilia. Kila mtu lazima agonge kadi yake mwenyewe. Kadi moja haiwapitishi wawili: mashine itadhani mtu aliyekwisha ingia anajaribu kuingia tena. Na ukigonga kadi ulipopanda, gonga kadi hiyohiyo uliposhuka. Ukitoka kwa simu hata kama simu imeunganishwa na kadi ileile, mfumo unahesabu safari mbili ambazo hazikukamilika na unakukata nauli ya juu mara mbili. Kadi za benki zetu zenye alama ya mawimbi hukubaliwa kwa kawaida, lakini iambieni benki kabla ya kuondoka Kampala kwamba mtazitumia nje, na muulize makato ya fedha za kigeni.

Mlangoni kuna ukaguzi wa mabegi. Tangu Oktoba 2024 vimiminika haviingii: maji, juisi, soda, chai ya kwenye chupa. Vinavyosamehewa ni maziwa ya mtoto na dawa za daktari. Kama mama ana dawa ya maji, aiweke ndani ya pakiti yake yenye jina lake. Manukato na losheni ziacheni nyumbani, mlinzi hana kazi ya kukisia kilichomo. Sanduku la safari halipiti kabisa. Na msipige picha kwa flashi, inababua rangi.

Lubugo_Mkavu

Maelezo ya njia yako sawasawa, ila kwenye flashi nimsahihishe kidogo ndugu yangu. Mwako mmoja wa flashi ya simu ni mfupi mno kuweza kuibabua rangi ya mafuta. Inakatazwa kwa sababu nyingine: inawasumbua wengine, inajirudi kwenye kioo na vanishi, na walinzi hawawezi kupima taa ya kila mtu. Kinachoua picha ni mwanga mdogo usiokoma, siku baada ya siku. Uharibifu wa mwanga hujumlika kama deni la dukani, na hakuna mhifadhi anayeweza kuurudisha nyuma.

Ndiyo maana michoro ya karatasi huwekwa kwenye mwanga wa takribani luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na picha za mafuta kama 200 hivi. Jua la mchana huku kwetu linaweza kufika luksi 100,000. Ukitoka nje ukaingia chumba cha michoro, utaona kiza na kudhani taa zimeharibika. Kaeni kwenye benchi dakika tano hadi kumi kabla ya kutazama. Macho yakizoea, mistari inaanza kujitokeza mmoja mmoja.

Jambo la pili ni unyevu. Picha nyingi za kabla ya 1500 zimechorwa juu ya mbao. Mnajua mlango wa mbao unavyobana msimu wa mvua na kulegea kiangazi. Ubao wa picha hufanya vivyo hivyo. Unatanuka upande mmoja, kukingama na nyuzi za mti, lakini tabaka la chokaa na gundi lililo chini ya rangi halitanuki nao. Likishindwa kufuata linapasuka, rangi inainuka kama magamba na kudondoka. London waliligundua hili kwa njia ya ajabu. Wakati wa Vita vya Pili picha zilifichwa ndani ya machimbo ya mawe huko Manod, Wales. Hewa ya mle ilidhibitiwa isibadilike, na wahifadhi wakaona magamba yamepungua sana kuliko yalivyokuwa jijini. Vita vilipokwisha ndipo wakaanza kuweka mashine za hewa kwenye vyumba vya maonyesho.

Kwa hiyo mlinzi akikuambia ukunje mwavuli unaodondosha maji, au usiegemee ukuta, analinda jambo hilo. Kila mwili huingia na joto lake na unyevu wa pumzi yake.

Ukaribu: hakuna kipimo kimoja kwa picha zote, lakini ukibaki hatua moja kamili nyuma hutagombana na mtu. Kinachowaponza wageni ni kidole. Mtu anamwelekeza mwenzake, “ona pale,” kidole kinavuka kamba, kengele inalia. Mikono iwekeni nyuma ya mgongo. Mwalimu akitaka kuonyesha kitu, arudi nyuma na aonyeshe kwa kiganja. Begi la mgongoni livaliwe kifuani au libebwe mkononi, maana mtu akigeuka hasikii begi lake linagonga nini. Kuandika ni kwa penseli, kalamu ya wino haina nafasi karibu na turubai.

Sasa hilo la bei. Bei ipo, nanyi mwambieni mwanafunzi ukweli huo. Mwaka 2009 National Gallery na wenzao wa Scotland walinunua kwa pamoja picha ya Titian ya Diana na Actaeon kwa pauni milioni 50. Mona Lisa alipopelekwa Marekani, Desemba 1962, alikadiriwa dola milioni 100 kwa ajili ya bima; bima yenyewe haikukatwa, kwa sababu ada yake ilionekana ingefanya kazi bora zaidi kwenye ulinzi. Kusema picha haina bei kuna maana mbili za kiutendaji. Ya kwanza, haiko sokoni. Picha za National Gallery ni mali ya umma na sheria haiwaachii kuziuza wanavyotaka. Ya pili, fidia haiwezi kuirudisha. Ukilipwa bilioni kwa gari lililoungua utanunua jingine. Kwa picha ya van Eyck, mchoraji wa miaka ya 1400, hakuna nyingine. Picha zinapoazimwa kutoka jumba moja kwenda jingine nchini mwao, mara nyingi serikali yenyewe husimama kama mdhamini badala ya kampuni ya bima, kwani ada ya bima ingeyafilisi majumba.

Mwana_wa_Elgon

Asanteni sana. Mke wangu ameisoma hiyo ya ubao na mlango, anasema ataitumia darasani Jumatatu. Tumekubaliana tuingie mara mbili. Bado tunangoja mtu wa kutuchagulia picha, tafadhali zisizidi sita. Na vipi kuhusu kukaa, kuna viti?

Mwalimu_wa_Rangi

Mabenchi yapo katikati ya vyumba vingi, lifti zipo, na viti vya magurudumu huazimwa kwa wanaohitaji. Ombeni mapema mara mnapofika, anayewahi ndiye anayepata.

Jumba lina picha zaidi ya 2,300. Lilianza mwaka 1824 na picha 38 tu zilizonunuliwa kutoka kwa mfanyabiashara John Julius Angerstein. Mtu anayejaribu kuziona zote hutoka akikumbuka sakafu. Sita inatosha, na mimi nawapa vituo vitano na nyongeza moja. Kabla ya yote, usiku wa kuamkia Ijumaa fungueni ukurasa wa kila picha kwenye tovuti yao. Huandikwa kama inaonyeshwa na iko chumba nambari ngapi. Picha husafiri, hutengenezwa, huhamishwa, na kuumia kwa mtu aliyevuka bara zima akakuta kibao kinachosema imeazimwa kunaepukika kwa dakika mbili za simu.

Asubuhi ingieni kwa mlango wa Sainsbury Wing, jengo la pembeni lililofunguliwa upya Mei 2025, mpande lifti hadi juu. Hapo ndipo zilipo za kale.

Anzeni na van Eyck, mume na mke wa ukoo wa Arnolfini, mwaka 1434. Wengi hushtuka: ni ndogo, sentimita 82 kwa 60, kama dirisha la choo. Ndiyo sababu nasema saa nne kamili, kwani watu wanane wakishasimama mbele yake hamtaona kitu. Msianze na nyuso. Nendeni kwanza kwenye kioo cha mviringo ukutani nyuma yao, kidogo kuliko kiganja. Ndani yake utawaona wenzi hao kwa migongo, na mlangoni watu wawili wengine wanaoingia, mahali hasa mnaposimama ninyi. Kuzunguka kioo kuna vipicha kumi vya mateso ya Kristo. Juu yake kuna maandishi ya Kilatini yanayosema Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Kisha taa ya juu: mshumaa unaowaka ni mmoja. Machungwa dirishani yalikuwa anasa kwa mtu wa kaskazini wakati ule. Mwalimu, wanafunzi wako watakwambia bibi ana mimba. Si lazima, ni gauni zito lililokusanywa mbele, mtindo wa mabibi wa siku zile, na hata watakatifu mabikira walichorwa hivyo. Tazameni mkunjo wa kitambaa hicho cha kijani kwa pembeni kidogo, mwone rangi ilivyowekwa tabaka jembamba juu ya tabaka, mwanga ukipenya hadi chini na kurudi. Hicho ndicho kitabu kisichoweza kutoa.

Bado mko upande huohuo, ingieni kwenye chumba chenye kiza cha mchoro mkubwa wa Leonardo: Bikira, Mtakatifu Ana, Mtoto na Yohane. Ni makaa na chaki nyeupe juu ya karatasi nane zilizounganishwa kwa gundi. Tafuteni viungo vya karatasi kwanza, vinaonekana. Mwaka 1987 mtu aliufyatulia bunduki; kioo kilizuia risasi lakini vipande vilijeruhi karatasi, na wahifadhi walifanya kazi ya subira kuurudisha. Hapa ndipo pa kukaa kitako. Tazameni mkono wa Ana unaoelekeza juu: haukumalizwa, ni mstari mtupu.

Kisha vukeni kwenda jengo kuu kwa Holbein. Kibao kinasema The Ambassadors, mwaka 1533. Hii ni kubwa, zaidi ya mita mbili kila upande, mbao kumi za mwaloni zilizounganishwa. Wengi husimama katikati, huona kitu kama mfupa kinachoelea sakafuni, hupiga picha, huondoka. Fanyeni hivi: mmoja abaki katikati, mwingine aende ukingo wa kulia wa fremu, karibu na ukuta kadiri mlinzi atakavyoruhusu, kisha atazame kushoto akiteremsha macho. Ule mfupa unajikusanya na kuwa fuvu kamili. Badilishaneni. Simu haitawasaidia hapa, kwa sababu jambo lenyewe ni mwili kusogea. Mkirudi katikati tafuteni uzi uliokatika kwenye kinanda cha nyuzi, na kona ya juu kushoto kuna msalaba uliofichwa nusu nyuma ya pazia la kijani. Hapa msiwe na haraka hata kidogo. Mabwana hawa wawili, Jean de Dinteville na Georges de Selve, hawakufika hata miaka 30, na mchoraji amewawekea kifo miguuni kwa namna ambayo wao wenyewe, wakitazama mbele, hawakioni.

Hapo ni saa sita na nusu. Tokeni.

Jioni rudini kwa Rembrandt. Kuna picha zake mbili za kujichora mwenyewe, moja akiwa na miaka 34, nyingine akiwa na 63, mwaka 1669, mwaka aliofariki. Ya kwanza rangi ni laini, kola na mkono vimepigwa pasi. Ya pili sogeeni kisha rudini nyuma hatua nne. Karibu ni udongo na makovu ya brashi. Mbali ni ngozi ya mzee. Mkiweza kaeni kwenye benchi mtazame mikono yake, aliiacha karibu bila kuimaliza.

Mwisho Alizeti za van Gogh, Agosti 1888, alizozichora Arles kupamba chumba atakachofikia rafiki yake Gauguin. Oktoba 2022 wanaharakati waliimwagia supu ya nyanya. Kioo kiliikinga, fremu ndiyo iliyoumia. Ikamwagiwa tena 2024, na ndipo ikaja amri ya vimiminika. Simameni pembeni, si mbele, mtazame unene wa rangi kwenye vichwa vya maua, kama unga uliofinyangwa. Kioo kitaakisi taa. Sogeeni hatua kushoto au kulia hadi mwako utoke. Kisha mwambie mwalimu hili: njano ile si ileile aliyoiona van Gogh. Ni rangi ya kromu yenye risasi, na mwanga huibadilisha polepole kuwa kahawia. Hivyo picha ya kwenye kitabu na picha yenyewe zote hazina njano ya 1888.

Nyongeza, kama goti linaruhusu: Turner, meli kuukuu Temeraire ikivutwa kwenda kukatwakatwa, 1839. Chukueni dakika tano kwa ajili ya machweo tu.

Picha kwa simu zinaruhusiwa kwenye mkusanyiko wa kudumu, bila flashi, bila kijiti cha kujipigia. Pigeni baada ya kutazama, si kabla.

Kando_ya_Kira

Naongeza moja tu kabla hamjaondoka, na naisema kwa uzito. Msiende London mkiwa hamjajizoesha kutazama. Jumamosi moja nendeni kwenye jumba la picha la Nommo pale Nakasero, lililopo tangu 1964, mchague picha moja na mkae nayo dakika kumi kamili. Dakika ya tatu utataka kuondoka. Kaa. Kuanzia ya sita jicho linaanza kufanya kazi: unaona brashi ilipoanzia, rangi gani iliwekwa mwisho, kosa gani lilifunikwa. Mwende pia kwenye jumba la picha la Makerere, kwenye shule ya sanaa ambayo Margaret Trowell aliianzisha miaka ya 1930, na Uganda Museum ya Kira Road. Pale museum tazameni lubugo kwa karibu: gamba la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo hadi likawa kitambaa, nalo huumizwa na mwanga na unyevu kama turubai lolote. Anayeelewa kwa nini lubugo la museum haliachwi juani ameshaelewa nusu ya kazi ya National Gallery.

Tena, kwa kuwa safari yenu ni ya harusi, mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, akasoma London pia, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika hukohuko London. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba la sanaa la MoMA la New York liliinunua mwaka 1960. Kwa hiyo mtoto wa darasani asidhani kwamba picha za thamani kuu hutoka kwao tu. Moja imetoka kwenye kilima cha Makerere, kile kinachoonekana kutoka Wandegeya.

Fundi_wa_Fremu

Mtanunua nakala, najua. Kila mwalimu hununua. Basi inunueni jioni, mara ya pili, ili msitembee nayo mchana kutwa. Chukueni iliyoviringishwa, si ya kukunja, na muombe bomba la kadibodi gumu. Kwenye sanduku ilazeni mshazari katikati ya nguo, msiiegemeze ukingoni, wabebaji wa uwanja wa ndege hutupa sanduku kwa kingo.

Mkifika Kampala iacheni imefunguliwa mezani siku mbili chini ya vitabu safi ili inyooke yenyewe. Msiipige pasi. Kwa fundi sisitizeni mambo matatu ambayo wengi huyaruka kupunguza gharama. Karatasi isigusane na kioo: aweke kadi nene yenye dirisha, milimita mbili inatosha, la sivyo mvua za Aprili zitaigandisha kwenye kioo na siku ya kuitoa rangi itabaki upande wa kioo. Nyuma asiweke plaiwudi wala hadibodi tupu, kwa maana asidi yake huitia karatasi madoa ya kahawia ndani ya miaka michache. Adai kadi isiyo na asidi, na kama hana, walau karatasi nzito nyeupe katikati. Na asiibandike kwa gundi nzima nyuma. Vipande viwili vya karatasi ya kunata kwenye ukingo wa juu vinatosha, ili karatasi iweze kutanuka na kusinyaa.

Ukuta wa kuitundika usiwe unaopigwa na jua la saa kumi, wala uliopakana na jiko au bafu. Bandikeni vipande vinne vya kizibo nyuma ya fremu kwenye pembe, hewa ipite kati yake na ukuta. Nyumba nyingi za Ntinda zina ukuta mmoja unaotoa jasho msimu wa mvua. Wekeni kiganja asubuhi mapema, mtaujua.